Tulijaribu turubai la kambi nyumbani kwetu Mbagala, mtaa mzima ukaja na mikeka

Heshima kwenu wakuu. Walionizidi umri, shikamooni.

Mie humu ni wa kusoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Hata kucomment huwaga naandika halafu nafuta. Leo nimejikaza kwa sababu simu ni ya mama, na mama amesema nisipoandika mie ataandika yeye, na yeye atatia chumvi.

Kwa hiyo mtaipata kutoka kwangu, bila chumvi. Nilikuwepo mwanzo mwisho, na sehemu kubwa ni mie niliyeisababisha.

Kwanza mnijue kidogo.

Ni msichana, Form Three, tunaishi Mbagala, ndani ndani huko. Naandikaga diary tangu darasa la sita, kila kitu naandika. Mdomoni sasa ndio hamna kitu. Sio kwamba naringa. Maneno yapo, yamejipanga vizuri kabisa, ila nikiona watu watatu wananitazama yanarudi ndani kama kichwa cha kobe.

Nikitumwa dukani nasubiri wateja wote waishe ndio nisogee. Muuza duka kashanizoea, anaangalia nimeshika noti gani anakisia mwenyewe nilichotumwa. Mara nyingi anapatia.

Sasa shuleni kwetu kuna klabu ya jiografia. Madam wetu akaamua mwaka huu tusiishie kuchora contour kwenye madaftari, twende tukaone vilima vyenyewe. Msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe huko, kulala weekend nzima kwenye mahema.

Kelele zilizopigwa siku hiyo darasani, mpaka mkuu wa shule alikuja kuchungulia.

Zikaundwa kamati. Ya chakula, ya usalama, ya burudani. Mie nikakimbilia kamati ya vifaa, kwa sababu niliona ndiyo pekee mtu anaweza kufanya kazi yake na asiongee na yeyote.

Tulikuwa watatu. Kelvin, mwenyekiti, huyu akiamka asubuhi anahutubia. Zuhura, rafiki yangu tangu primary, huyu ndiye mdomo wangu. Siwatanii, nikiumwa tukaenda zahanati Zuhura ndiye anamwambia daktari naumwa wapi. Na wa tatu mie.

Kelvin kazi yake kupanga, Zuhura kuongea na watu, mie kufungasha.

Wakuu, kufungasha naweza. Nasema hili bila aibu.

Mchele niliuweka kwenye ndoo ya rangi, nimeisugua mpaka ikasahau kama iliwahi kubeba rangi. Viberiti kwenye nailoni, nailoni ndani ya kopo la maziwa. Vitunguu kwenye neti vipate hewa. Dagaa mbali kabisa na majani ya chai, maana dagaa hawana adabu, wakikaa na kitu kinanuka wao. Masufuria nikayapachika moja ndani ya lingine, na katikati nikajaza vijiko na sabuni nafasi isipotee.

Nilikuwa nikimaliza nafungua naanza upya. Sio kwamba nimekosea. Raha tu.

Mizigo yote ilikuwa kwetu, barazani, kwa sababu mbele ya nyumba yetu kuna uwanja na hatuna ukuta. Ni wazi mpaka barabarani.

Sasa tatizo lilikuwa baba.

Nilivyofungasha kote huko, mwenyewe nilikuwa sijaruhusiwa kwenda.

Baba ni store keeper kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Sio mkali, ila akitaka kuamua jambo analizunguka kama mtu anayenunua gari lililotumika. Tuko mezani Alhamisi, mama akamwambia muache mtoto aende, wenzake wote wanaenda.

Baba akasema, "Wavulana siwaogopi, Madam yupo. Ninayemuogopa ni huyu. Huyu akitumbukia shimoni huko msituni, atakaa kimya humo humo shimoni asisumbue watu."

Mama alicheka mpaka akapaliwa.

Mie sikucheka, maana ni kweli. Nilijiona kabisa nimekaa shimoni, nasubiri mtu apite peke yake ndio niseme shikamoo.

"Sijakataa," baba akasema. "Na sijakubali. Jumamosi nikirudi kazini nitakupa jibu."

Safari yenyewe ilikuwa Ijumaa inayofuata. Kwa hiyo Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku yangu ya hukumu.

Sasa tuje kwenye turubai.

Mahema ya shule yalikuwa machache na madogo, ya kulala tu. Na mvua zilikuwa zimeanza kuchokozana. Kelvin akasema lazima tupate kitu kikubwa cha kuwekea jiko na mizigo. Mama akasema hilo dogo, chama chao cha akina mama wa mtaani kina turubai, na yeye ni mwanachama.

Hicho chama ni cha kusaidiana. Turubai, mikeka, masufuria yale makubwa ya kupikia watu mia, vyote vinakaa kwa Mama Salama, nyumba ya kona. Msiba ukitokea mtaani, ni kwenda kwa Mama Salama.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anawahi Mwenge, kikao cha harusi ya binamu yangu. Anatoka huku anavaa viatu akaniambia, "Nenda kwa Mama Salama, mwambie nimekutuma turubai, mwambie ni la kambi ya shule, mnataka kulijaribu leo, Ijumaa mtaondoka nalo na Jumapili mtarudisha."

Ona sasa sentensi zote hizo.

Zuhura alikuwa hajafika. Nikaenda mwenyewe, njia nzima nafanya mazoezi. La kambi ya shule. La kambi ya shule.

Kufika, nikakuta barazani kwa Mama Salama kuna wazee wanakunywa kahawa. Wote wakageuka.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karibu mwanangu," akasema Mama Salama. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Kanituma turubai."

Wazee wakashusha vikombe.

"Turubai la chama?"

"Ndiyo."

"La lini?"

"Sasa hivi."

Hapo ndipo nilitakiwa niendelee. Sentensi ilikuwepo. Ila macho yale yote, wakuu! Nikainama nikawa naangalia kandambili zangu.

Na Mama Salama hakuniuliza tena.

Hili nimekuja kulielewa baadaye. Mtaani kwetu mtoto akija kuomba turubai ameinamisha uso, humhoji. Utamhoji nini? Unaamka unatoa turubai. Maswali yatajibiwa huko huko.

Halafu kuna jambo jingine. Nyumbani tuna bibi, mama yake baba, tulimleta kutoka Tukuyu aje atibiwe miguu. Mtaa mzima unamjua, alikuwa anakaa barazani anasalimia kila anayepita. Wiki ile miguu ilimsumbua, alikuwa hatoki sana.

Mnaona inakoelekea. Mie sikuona.

Mama Salama akanishika bega. "Na masufuria makubwa mchukue. Na mikeka. Wewe tangulia nyumbani mwanangu, vijana wataleta."

Narudi nyumbani nawaza, huyu mama ana roho ya ajabu. Nimeomba turubai kanipa na masufuria.

Nikamkuta Kelvin na Zuhura wameshafika. Muda si mrefu vijana wa mtaani wakaja na mkokoteni, turubai, mabomba ya kusimamishia, mikeka, na viti vya plastiki ambavyo hata hatukuomba. Wakaanza kazi bila kuongea. Wanajua kulifunga lile turubai, dakika chache limesimama, limejaa uwanja mpaka karibu na barabara.

Kelvin alikuwa kaweka singeli kwenye simu yake, anacheza huku anashika kamba.

Kijana mmoja akamtazama. "Dogo, zima hiyo. Adabu kidogo."

Kelvin akazima. Walipoondoka akatuuliza, "Mbona hawa mabraza wako serious hivi?"

"Wamechoka," Zuhura akasema. "Hilo turubai zito."

Tukakubaliana ni uzito.

Basi Kelvin akasema kilichobaki ni vigingi vya chuma vya yale mahema madogo, twende kwa fundi wa kuchomelea kule stendi. Zuhura akaenda naye kwa sababu mwenye kujua kupunguziwa bei ni yeye. Mie nikabaki kulinda mizigo. Bibi alikuwa chumbani kalala, anakoroma kidogo kidogo.

Wa kwanza kuja alikuwa Baba Juma, jirani wa kulia, anauza vipuri vya bodaboda. Alikuja kavaa koti. Jumamosi, jua lile, koti.

Akachukua kiti akakaa chini ya turubai, akaniita kwa mkono. Nikaenda.

"Gari mmepata?" akaniuliza taratibu.

Nikajua Juma kamsimulia habari za kambi, maana tunasoma naye. "Tumepata. Coaster."

"Hapo mmejitahidi. Mnaondoka lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa!" Akashtuka. "Mbona mbali hivyo?"

"Vibali bado havijakamilika."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Vibali vinachosha watu. Poleni."

Nikasema ahsante. Niliona ni mtu anayejali elimu.

Wakaja wengine. Wazee wa kahawa wote, wakakaa mstari mmoja wameshika mashavu. Wakaja watu siwajui hata majina, wananipa mkono kimya wanakaa. Nikaanza kuwaza, hivi kambi yetu imekuwa maarufu kiasi hiki? Labda Kelvin kaitangaza. Kelvin anaweza.

Ndipo akaja Mama Salama na wenzake, khanga viunoni. Hawakukaa. Walikwenda moja kwa moja barazani kwenye mizigo.

"Chakula ndiyo hiki?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Afadhali mmejiandaa."

Akafungua ndoo yangu ya mchele.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Ile ndoo niliifunga kwa nailoni na raba mbili. Akaifungua kama anafungua mlango wa kwake. Mchele ukamwagwa kwenye ungo, akina mama wakazunguka wakaanza kuchambua. Mwingine kachukua neti ya vitunguu anamenya. Mwingine kanyofoa masufuria yangu, vijiko chwaa! chini. Nyuma huko moshi ushaanza kupanda.

"Mama Salama," nikasema, "huo mchele..."

"Nyamaza mwanangu." Akanivuta kifuani kwake akanikumbatia. Kifua kinanukia udi. "Usiongee. Usijichoshe."

Nikajitoa. "Lakini ni wa..."

Akanirudisha kifuani.

Nikiwa humo humo kifuani nikasikia mama mmoja pale kwenye ungo anasema, "Maskini bibi wa watu. Kaja kutibiwa miguu, hata hiyo miguu yenyewe haijapona."

Nikachomoa kichwa kifuani kwake.

Nikaangalia lile turubai. Nikaangalia wale wazee walioshika mashavu, na koti la Baba Juma. Nikaona kila kitu kwa mara moja. Sie tulikuwa tunaangalia jiko la kambi. Wenzetu wote wanaangalia msiba.

Nikamwambia Mama Salama, kwa sauti ile yangu, "Bibi yupo ndani kalala."

Akaangua kilio. "Kalala, ndiyo mwanangu. Kalala."

Nikajua hapa nimeongeza.

Ndipo Kelvin na Zuhura wakarudi. Kelvin kabeba vigingi begani anatembea kwa madaha, akafika barabarani akasimama. Yule Kelvin mwenye kuongea kuliko redio. Akaweka vigingi chini polepole visigongane, akaenda kukaa na wazee, akashika shavu.

Zuhura kaja mbio kaniangukia, analia kwa sauti. "Bibi jamani! Juzi tu kanipa ndizi!"

Nikamsogelea sikioni. "Zuhura. Hakuna msiba. Wamedhani."

Akanyamaza, kamasi zinamtoka. Akawatazama watu, akalitazama sufuria lipo motoni. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza nimemuona Zuhura hana la kusema.

"Waambie," nikamwambia.

"Niwaambie mie? Nianze vipi? Hapa kwenu."

Tukiwa tunabishana kwa kunong'ona, mlango ukafunguka. Bibi akatoka na fimbo yake.

Ungo ulianguka. Mama mmoja aliyekuwa karibu na mlango alikaa chini bila kupanga. Nilifikiri basi, yameisha, bibi mwenyewe kawaonyesha. Nikavuta pumzi.

Hayakuisha.

Bibi akaangalia turubai, akaangalia watu, akauliza kama anavyoulizaga mtu mzima yeyote, "Kafa nani?"

Hakuna aliyejua. Nikaona macho yanazunguka. Kama bibi mzima, basi nani? Mama hayupo nyumbani. Baba hayupo nyumbani. Na turubai nimeliomba mie mwenyewe, nimeinamisha uso.

Mama Salama akajikaza. "Kaa kwanza bibi. Kaa tukuletee maji."

Bibi yangu kazika watu wengi. Anajua mzazi akiambiwa kaa kwanza maana yake nini. Akatazama barabarani alikopita baba asubuhi, fimbo ikamponyoka.

"Ni mwanangu," akasema.

Akaanza kulia.

Nimesema siweki chumvi. Kilio cha bibi sikucheka wakati ule na mpaka leo sikicheki. Alilia akimtaja baba kwa jina la utotoni ambalo hata mie nilikuwa silijui. Akina mama wote wakamfuata. Na hapo sasa mtaa mzima ukajua kwamba aliyekufa ni baba yangu, na hakuna hata mmoja aliyesema.

Nikasimama. Mama Salama alikuwa kanifunika khanga kichwani. Nikasema "jamani."

Naapa nilisema. Ilitoka kama bawaba ya mlango.

Nikasema tena. Jirani mmoja akanibembeleza.

Ndipo bodaboda ikasimama barabarani, na abiria wake alikuwa baba.

Nadhani mnaelewa baba aliona nini. Anarudi kazini, simu imeisha chaji tangu asubuhi. Anaona turubai limefungwa mbele ya nyumba yake, watu wamejaa, na mama yake mzazi yuko chini kwenye mkeka analia.

Dereva wa bodaboda akavua helmet.

Waliomuona wa kwanza walipiga yowe. Mzee mmoja wa kahawa aliruka kiti. Kijana mmoja nyuma huko, sijui nani, akasema, "Hapa leo kila anayekufa anatokea," lakini hakuna aliyecheka bado.

Baba hakuwaona hao. Nilimuona anahesabu kwa macho. Mama yake yule pale. Akatafuta, akatafuta. Mie nilikuwa nyuma ya akina mama nimefunikwa khanga, hakuniona. Akashika bomba la turubai kwa mikono miwili.

Akalitaja jina langu. Akasema, "Yuko wapi?"

Alisema kwa chini sana, wakuu. Kwa sauti ambayo usingesikia ukiwa mbali. Nikaijua ile sauti. Ni ya kwangu. Nikajua nimeirithi wapi, na nikajua hakuna atakayemsikia, kama ambavyo hakuna anayenisikia mie.

Sikujipanga. Nilitupa khanga nikapiga kelele.

"BABA NIPO! HAKUNA ALIYEKUFA! NI LA KAMBI! TURUBAI NI LA KAMBI YA SHULE! BIBI MZIMA, MAMA YUPO MWENGE, NA HUO MCHELE NI WA PUGU!"

Juma ananiambia walisikia mpaka kwao ndani na TV ilikuwa inaongea.

Wa kwanza kuongea alikuwa bibi. Aliinuka kwa miguu ile ile mibovu, akaokota fimbo, akamfuata baba akamchapa nayo pajani. "Kumbe mzima! Mimi nalia huku, wewe umesimama umeshika chuma!" Halafu akamkumbatia hakumwachia.

Hapo ndipo watu walicheka. Sio kicheko cha kawaida, ni kile cha mtu aliyekuwa analia. Zuhura alicheka mpaka akakaa kwenye vigingi. Baba Juma akavua koti.

Mama Salama alinijia, nikajua kifuani tena. Hapana, safari hii ni mkono kiunoni.

"Wewe mtoto! Ukitumwa, sema ulichotumwa chote!"

"Nisamehe Mama Salama."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Watu."

Akanitazama, akawatazama watu waliojaa uwanja mzima, akaanza kucheka upya.

Shida wali ulikuwa umeshaiva. Mchele wote wa kambi, wa watu zaidi ya thelathini, upo motoni na dagaa zote zimekaangwa. Utaurudishaje kwenye ndoo?

Tukaula.

Watu walikaa chini ya lile turubai mpaka jioni, wanasimuliana nani alidhani nini. Baba Juma akamuuliza baba hadharani mbona mtoto kamwambia vibali vinachelewa, baba akasema vibali anavyo yeye, wote wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kahawa akasema miaka yote chama kina turubai, hajawahi kukaa chini yake akacheka. Watu walivyosikia hilo wakaongeza wali.

Mama kurudi kutoka Mwenge alishakutana na habari njiani. Kaingia anacheka mwenyewe, kofi moja la mgongoni akanipa mie, sahani ya wali akachukua yeye.

Watu walipotawanyika nilikaa barazani kukusanya kilichobaki. Ndoo tupu. Neti tupu. Kopo la viberiti ndilo pekee halikuguswa. Nilikuwa nafungasha upya, ila safari hii hakuna raha, maana chakula hamna, na baba hajasema chochote kuhusu jibu lake. Niliogopa kumuuliza. Kwa aibu niliyompa siku hiyo, nilijua ni hapana.

Baba akaja akachuchumaa karibu yangu. Akachukua begi langu la shule nililokuwa nimetia nguo, akavuta zipu, ikagoma katikati kama kawaida yake.

"Hili halifungi," akasema.

"Nitalifunga na kamba."

Akainuka akaingia ndani. Akarudi na begi lake, lile la safari za Tukuyu, ambalo kwetu haruhusiwi mtu hata kuliwekea nguo chafu. Akaliweka mbele yangu akaanza kunionyesha mifuko yake. Huku soksi. Huku tochi.

"Kwa hiyo naenda?" nikauliza.

"Sasa ungekuwa huendi begi langu ningekupa la nini?"

Halafu akakaa pale pale, tukapanga nguo wote wawili. Sie wawili hatuongeagi sana. Ilikuwa jioni nzuri.

Kuhusu chakula, Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Mama Salama barazani kwetu na ndoo yangu. Kapita nyumba zote waliokula, kila nyumba imetoa mchele kidogo. Wa Kyela umo, wa Shinyanga umo, na mwingine sijui umetoka wapi. Dagaa, vitunguu, vyote vikarudi, na nyongeza ya nazi.

Turubai akatuachia pia. "Ila Jumapili jioni liwe hapa," akasema. Akageuka barabarani akapaza sauti, "Na nyie wengine mtaa huu, asife mtu mpaka watoto warudi!"

Ijumaa tukaenda. Jumamosi usiku mvua ilipiga kweli, jiko na mizigo vikakaa salama chini ya turubai. Wali wa kule Pugu ulikuwa wa ajabu, punje nyingine zimeiva zimevurugika, nyingine ngumu kama kokoto, kwa sababu kila mchele una tabia zake. Madam akauliza nani kanunua mchele huu. Wenzangu wakanitazama wote. Nikamsimulia. Nilianzia katikati na sauti ilitetemeka, ila nikamaliza.

Jumapili jioni tuliporudi, kuna msiba uliokuwa unalisubiri turubai? Hapana. Mtaa wote wazima. Tulilirudisha likiwa kavu.

Msinielewe vibaya, sijawa muongeaji. Jumatatu mwalimu wa hesabu kaniuliza swali, nikainama kama kawaida.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nadhani nikikaa kimya simsumbui mtu. Siku ile kimya changu kilimliza bibi, kikamshikisha baba bomba la turubai, na kikapika chakula cha watoto thelathini. Kwa hiyo ukienda kuazima kitu kwa watu, wakuu, sema cha nini. Hasa kama ni turubai.

Na nyie mliowahi kwenda camping na group, mlifungasha vipi chakula kisiharibike na mvua? Au kama kuna mwenye kisa cha msiba usiokuwepo, amwage hapa nisijione peke yangu. Niulizeni chochote, nitajibu kila mmoja. Kwa kuandika siogopi mtu.